Pakiti Tatu za Vumbi

Jumatano, 3 Machi 1976

Daftari hili ni la kuandikia matundu. Kila jioni naandika upande wa mbele: ghorofa ya ngapi, matundu mangapi, bolti ngapi zimeingia. Upande wa nyuma ulikuwa mtupu, na mwalimu wetu wa kisomo cha jioni hapa Ilala anasema mtu aliyejifunza kuandika ukubwani asipoandika kila siku, mkono unasahau. Basi nimeligeuza. Mbele ni kwa shirika, nyuma ni kwangu mimi Uwesu.

Leo matundu thelathini na nane. Mvua haijaanza, ila mawingu yamejazana juu ya Kariakoo tangu asubuhi, na ndani ya ghala letu jipya mlikuwa na kiza kizuri cha kulalia. Mimi na Pantaleo tunatoboa dari la zege la ghorofa ya pili ili mafundi bomba wapate pa kuning'iniza mabomba yao. Mmoja anapanda jukwaani na kuelekeza mashine juu, mwenzake anashika waya, na mikono ikichoka tunapokezana. Vumbi linakushukia usoni, jeupe na laini kama unga wa muhogo. Mimi hufumba macho nikamwona mama anatwanga kule Ruangwa. Pantaleo anasema ipo siku nitajitoboa kidole, na yeye hatanisaidia kukitafuta.

Jioni fomani wetu, Ndugu Anaeli, alifungua sanduku lililotoka bandarini. Ndani mna kikombe cha mpira cha kuvisha ncha ya mashine, bomba refu linalojikunja, na pipa dogo la bati lenye mfuko, ambalo likiwashwa linavuta pumzi. Akasema tundu linapotobolewa vumbi lote litaingia pipani, halitatugusa. Ndugu Anaeli ni mtu wa Machame, hacheki, na siku zote nimemwona kama mtu anayetuhesabia hata pumzi zetu. Sasa kaleta mashine ya kuvuta pumzi.

Ijumaa, 5 Machi

Matundu arobaini na moja, na sikupata hata punje moja jichoni.

Sijui niielezeje siku ya leo. Kikombe kinabana dari, pipa linanguruma kule chini kwa sauti moja isiyobadilika, na zege linatobolewa bila kutoa chochote. Niliona kama nafanya kazi usingizini. Kwa mara ya kwanza katika miaka miwili nimeliona dari lenyewe. Lina alama za mbao zilizolishikilia lilipomwagwa: mistari ya mti, vifundo, hata mahali tawi lilipochomoza. Mbao zimeshaondolewa, alama zimebaki. Nilikuwa nimelala chali jukwaani, msitu mzima uko juu yangu, kimya, na mimi napita chini yake polepole. Pantaleo aliniita mara tatu nishuke tupokezane.

Saa kumi tulikwenda kuchukua maziwa. Hii ni desturi ya kazi yetu: kila anayefanya kazi ya vumbi anapewa pakiti moja ya nusu lita kwa siku, ile ya pembe tatu, kusudi isafishe kifua. Anayegawa ni Benedikta, katibu wa kamati ya wafanyakazi, mama mnene mwenye kalamu nyuma ya sikio. Alitutazama tulivyo weusi na safi, akauliza kama tumetoka kanisani. Kisha akasema, bila ubaya, kwamba maziwa ni ya watu wa vumbi, na wasiokuwa na vumbi majina yao yatatoka kwenye orodha mwisho wa mwezi. Ndivyo waraka unavyosema.

Nikatembea mpaka Ilala nimeishika ile pakiti kifuani, nahisi baridi yake.

Jumamosi, 6 Machi

Sikulala vizuri. Binti yangu Mboni ana mwaka mmoja na nusu. Januari aliugua surua, na ugonjwa ulipoondoka uliondoka na nyama zake. Kliniki walimwambia mke wangu Zamzam ampe maziwa kila siku. Madukani maziwa ni foleni ya alfajiri na mara nyingi unafika mbele wanafunga mlango. Pakiti yangu sijainywa tangu Januari. Naipeleka nyumbani, Zamzam anaichemsha, na Mboni anaimaliza kwa vikombe viwili. Juzi alisimama mwenyewe akishika kitanda. Yale ni maziwa yangu yamesimama pale.

Jumatatu, 8 Machi

Leo nimefanya jambo. Naandika kama lilivyokuwa.

Kwanza niseme habari ya Pantaleo. Yeye ni Mngoni wa Peramiho, mimi Mmwera, kwa hiyo ni watani. Babu zake waliwakimbiza babu zangu maporini, na kwa sababu hiyo mpaka leo tunatukanana bila kosa, tunanyang'anyana kofia, na mmoja akifa mwenzake ana haki ya kujilaza mlangoni jeneza lisitoke mpaka apewe kuku. Pantaleo ametoboa zege miaka kumi na mmoja. Kila akikohoa hunigeukia na kusema, "Chagua kuku wako mapema, Mmwera." Nami humwambia namtaka jogoo, maana Wangoni ni wachoyo, wataniletea kifaranga.

Leo mchana, tukila mihogo, alisema vitu vidogo vya mpira hupotea sana kazini. Hakuniangalia. Yeye hunywa pakiti yake palepale mbele ya Benedikta, kichwa nyuma, mpaka tone la mwisho, na anaamini isingekuwa maziwa angekuwa kaburini zamani. Mimi nilifikiria miguu ya Mboni.

Jioni kikombe kilikuwa ndani ya mkoba wangu, kimefungwa kwenye shati. Nikamwambia Ndugu Anaeli hatukioni. Alinitazama usoni, akasema ataandika barua wamletee kingine, itachukua miezi mitatu. Bila kikombe lile pipa ni bati tu.

Jumanne, 9 Machi

Matundu thelathini na tano. Vumbi. Maziwa.

Jumatano, 10 Machi

Matundu thelathini na saba. Mvua imeanza usiku na haijakata. Vumbi. Maziwa.

Jumatatu, 15 Machi

Zamzam alikiona kikombe akipanga nguo. Nikasema nimekiokota, kilikuwa kimetupwa. Mboni amekipenda. Anakiweka mdomoni na kupuliza, anajisikia sauti yake ikirudi, anacheka. Mimi nikirudi siruhusiwi kumgusa mpaka nioge, kwa sababu vumbi langu linampigisha chafya. Kwa hiyo tunatazamana tu, yeye kitandani, mimi mlangoni na ndoo. Kwanza anatazama mkoba. Akishaona pakiti imetoka, ndipo ananitazama mimi.

Alhamisi, 18 Machi

Matundu arobaini. Mvua. Mto Msimbazi umepanda, wenzetu wanaovuka Jangwani wamechelewa.

Jumatatu, 22 Machi

Mvua ikipiga nje na mashine ikipiga ndani, mtu anapotea. Leo nilimaliza matundu kumi bila kukumbuka hata moja. Nilikuwa nimekaa na mama, anapepeta unga, nami mdogo, napiga mistari kwa kidole juu ya ungo. Nilizinduka kwa kikohozi cha Pantaleo. Kilianza kama chake cha kila siku halafu hakikuisha. Alishika nguzo ya jukwaa kwa mikono miwili akasubiri kipite, kama mtu anayesubiri gari la moshi limalize kuvuka njia.

Nikamwambia nimeshamchagua kuku. Akaokota waya.

Ijumaa, 26 Machi

Pantaleo amekonda. Suruali anaikaza kwa kamba ya katani. Sikuwa nimeona mpaka alipovua shati kulikung'uta dirishani, na mbavu zake zikahesabika. Nashangaa mimi nisiyekunywa maziwa nikiwa mzima, na yeye anayeyanywa yote yuko hivi. Labda kwa miaka yake kumi na mmoja pakiti moja haimtoshi.

Alhamisi, 1 Aprili

Nimeanza kumpa Pantaleo nusu ya pakiti yangu. Namimina kwenye kikombe chake cha bati, iliyobaki nakunja pembe na kuipeleka nyumbani. Leo Mboni alimaliza kikombe cha kwanza akakinyoosha apewe cha pili, hakikuwapo. Zamzam aliuliza. Nikasema wamepunguza.

Sasa nimemdanganya fomani na mke wangu, na mtoto nimemwibia. Na yote nafanya kwa wema. Nimechoka na wema wangu.

Jumamosi, 10 Aprili

Matundu ishirini na mawili tu. Nimetoboa peke yangu, Pantaleo amekaa chini ananishikia waya. Hapandi tena jukwaani. Tumekubaliana Ndugu Anaeli asijue.

Alasiri vumbi lilikuwa zito mpaka sikuuona mkono wangu. Niliutafuta ule msitu wa darini, sikuuona.

Jumatatu, 19 Aprili

Leo ni Jumatatu ya Pasaka, hakuna kazi. Hii itakuwa ndefu.

Jana Pantaleo hakwenda kanisani Msimbazi. Hiyo peke yake ilinitosha, kwa sababu huyu ni mtu anayekwenda misa hata akiwa na homa. Leo asubuhi nikaenda kwake. Mkewe, Hyasinta, alikuwa mlangoni amefunga kanga kiunoni kama anayetaka kupigana. Akasema mume wake hajalala kitandani siku tano, analala ameketi, amekumbatia mto. Kupelekwa hospitali hataki. Anasema wakimwona kifua watamtoa kwenye kazi ya vumbi, na akitolewa huko hatapata maziwa, na bila maziwa atakufa.

Niliingia nikamkuta ameegemea ukuta. Mdomo ulikuwa na rangi ya majivu. Akaniona, akasema kwa sauti ndogo kwamba Wamwera siku hizi wanakuja matangani kabla ya msiba.

Hapo nikajua la kufanya. Ndugu yake hangeweza, padri hangeweza, mke ameshashindwa. Nikatoka nje, nikajilaza chali kizingitini, kichwa ndani, miguu uani kwenye matope. Nikapaza sauti kwamba mimi mtani nimekuja kuchukua haki yangu, maiti haitoki na hakuna atakayeingia wala kupika mpaka nipewe kuku wangu, au maiti iinuke iende hospitali kwa miguu yake. Majirani wakatoka. Wakacheka sana, kwanza. Mvua ikaanza kuninyeshea tumboni. Nikaendelea kulia kilio cha matanga, nataja sifa zake: mchoyo, mla panya, mwoga wa sindano. Mahali fulani katikati nikagundua nalia kweli. Majirani nao wakawa wameacha kucheka.

Pantaleo akasema, "Inuka, Mmwera, unaniaibisha." Akachukua koti lake.

Hospitali walikuwapo wa zamu tu. Muuguzi mmoja mzee kidogo, Sista Winifrida, alimwekea sikio kifuani, akauliza kazi yetu, akampeleka akapigwe picha. Daktari alikuja mchana. Alitundika ile picha dirishani kwenye mwanga. Mapafu ya mtani wangu yana madoadoa meupe kila mahali, kama usiku wenye nyota. Daktari alisema si kifua kikuu, ni vumbi la mawe. Limekaa humo miaka mingi, limetengeneza makovu, na dawa ya kulitoa hakuna. La kufanya ni moja tu, lisiongezwe.

Nilimfuata Sista Winifrida ukumbini. Nikamwambia kuhusu maziwa, kwamba huyu hajaacha hata siku moja, na mimi nimekuwa nikimwongezea. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Maziwa yanakwenda tumboni, baba," akasema. "Vumbi liko mapafuni. Havikutani."

Nilimwamkia shikamoo badala ya kumwambia asante. Sijui kwa nini. Akaitika marahaba, akaondoka na beseni lake.

Nimerudi Ilala kwa miguu, mvua yote juu yangu. Nikamweleza Zamzam kila kitu, kikombe kikiwa mkononi mwa Mboni anakipuliza. Nikasema nilifanya kwa ajili ya mtoto. Zamzam alikuwa anakunja nguo. Aliendelea kukunja mpaka zikaisha.

"Usimtwike mtoto," akasema. "Hajui hata kusema. Sema ulifanya wewe."

Nilifanya mimi. Naandika hapa ili mkono usisahau.

Jumanne, 20 Aprili

Kumnyang'anya Mboni kile kikombe imekuwa kazi kuliko zege. Alilia mpaka kona ya barabara nikimsikia.

Nilikiweka mezani kwa Ndugu Anaeli nikasema nilikiiba mimi, Pantaleo asiandikwe. Hakupandisha sauti. Akasema alijua, mpira haupotei ndani ya ghala lenye mlango mmoja. Nikamuuliza kwa hasira, maana kweli nilikasirika, kwa nini basi alinyamaza. Akasema mwaka juzi fomani mwenzake alifungiwa geti na wafanyakazi asiingie tena kazini, kwa jambo dogo kuliko maziwa ya watoto, naye ana watoto wanne. Kila siku alipanga kuniuliza kesho.

Nilikuwa nikimwona mtu mkavu. Alikuwa anaogopa, kama mimi.

Akasema suala litakwenda kamatini Alhamisi. Mpaka hapo nikatoboe.

Jumatano, 21 Aprili

Matundu arobaini, peke yangu, na kikombe. Pipa linanguruma, mvua nje. Msitu umerudi darini. Nilipita chini ya kifundo kimoja kikubwa, nikakigusa kwa kidole kabla ya kuendelea, na kidole kikarudi safi.

Jioni nilifungua pipa nikatoa mfuko. Sikutegemea uzito ule. Penye ndoo ya takataka nikaokota pakiti tupu za maziwa, nikazisuuza, nikazikausha kwa moto wa taa, nikaanza kumimina vumbi kwa pembe iliyokatwa. Ikajaa ya kwanza. Ikajaa ya pili. Ya tatu ikajaa mpaka juu.

Alhamisi, 22 Aprili

Kamati ilikaa chini ya ngazi, watu kumi na wawili, Benedikta katikati na daftari lake. Watoboaji wenzetu wa ghorofa za juu walikuja wote, na walishanichukia kabla sijafungua mdomo. Mmoja akasema nimeuza maziwa ya watoto wao. Nilikuwa na la kujibu, nikakumbuka maneno ya Zamzam, nikamwacha mtoto wangu nyumbani alikokuwa.

Niliziweka zile pakiti tatu mezani. Benedikta akafikiri namrudishia maziwa, akanyoosha mkono kuchukua moja. Mkono ukashuka. Aliitazama, akaipima kwa mkono wa pili, akainamisha pembe, na vumbi likamwagika juu ya orodha ya majina.

Nikasema, "Hili ni la siku moja. Zamani nilikuwa nakula hili ili nipewe maziwa."

Kuna aliyesema si vumbi lote lingeingia kifuani, jingi lingeanguka chini. Ni kweli. Nikamwomba achukue kijiko achague ni kiasi gani kinamfaa. Hakuchukua. Halafu nikawaeleza ile picha dirishani, na niliyoambiwa na Sista Winifrida.

Uamuzi: mimi barua ya onyo na siku sita nje ya kazi. Vikombe viagizwe kwa watoboaji wote. Wanaotumia kikombe watoke kwenye orodha ya maziwa. Benedikta alisoma hilo la mwisho polepole, akafuta jina langu, akapuliza karatasi.

Jumapili, 2 Mei

Hakuna maziwa ya kazini siku ya kumi na moja leo. Zamzam anaamka saa tisa kwenda foleni, amepata mara mbili. Siku nyingine ni uji wa karanga. Mboni hajaanguka, ila hajatembea pia. Nikirudi bado anautazama mkoba kwanza. Hamna kitu. Kisha ananyoosha mikono, na mimi namchukua hapohapo mlangoni na nguo zangu za kazi, bila ndoo, bila kuoga. Hapigi chafya.

Jumapili, 16 Mei

Mvua zinakatika. Asubuhi kulikuwa na jua la kuanikia.

Pantaleo siku hizi anakaa getini, anaandika magari yanayoingia. Kifua ni kilekile, hakijarudi nyuma, lakini analala kitandani. Leo baada ya misa alikuja Ilala kwa miguu, akipumzika kila kona, kikapu mkononi. Alikaa kizingitini kwetu akitafuta pumzi. Nikamwambia azibue njia, hapa hakuna msiba.

Akafungua kikapu. Kuku mwekundu, jike, kafungwa miguu, macho makali.

"Kuku wako," akasema. "Nimeleta mwenyewe nikiwa hai, nisije nikafa ukamsumbua Hyasinta mlangoni. Anataga. Mayai ya mtoto."

Akamweka mbele ya Mboni. Mboni akaachia mguu wa kitanda, akaja hatua nne mpaka kwa kuku, akakaa.